Mkunga na Jerikeni ya Epo

Ukitaka kumjua Mkunga, usimtazame usoni, maana uso wake ulikuwa haumwambii mtu chochote. Msikilize. Alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wodini, na hiyo naijua vizuri kwa sababu yeye ndiye aliyenizalisha watoto wangu wote. Ukiambiwa "Sukuma!" kwa sauti hiyo, unasukuma hata kama ulikuja kupima presha tu. Ya pili ilikuwa ya ukweni, huko Kirewa alikoolewa, na hiyo ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyemzoea. Mara ya kwanza nilipomsikia akiitumia nilidhani anaumwa koo.

Mimi ni muuza matunda, pale Busia, upande wa Uganda, na meza yangu iko karibu na mpaka kiasi kwamba nikipiga chafya mteja wa Kenya ananiambia pole. Mkunga alikuwa mteja wangu kabla na baada ya kustaafu. Hakuwa mtu wa kubembeleza bei. Yeye alikuwa akipima matunda. Alilishika nanasi, akalibonyeza kwa vidole viwili, akafumba macho, halafu akatoa taarifa: "Hii imechelewa. Hii nayo ilianguka, ikafichwa. Na hii hapa, nyabo, usiuzie mtu ako na wageni." Wateja wengine walikuwa wakisubiri amalize ndipo wachague, na yale aliyoyakataa yalibaki mezani mpaka jioni. Nilimpenda sana, lakini kuna siku niliomba Mungu aende kununua kwa jirani.

Alikuwa hajui salamu za kawaida. Wewe unasema "Shikamoo, Musawo," yaani daktari, yeye anajibu, "Umepata choo leo?" na soko lote linageuka kusikia jibu lako. Watu aliowazalisha hakuwakumbuka kwa majina. Aliwakumbuka kwa jinsi walivyotoka. Kulikuwa na mwanasiasa mmoja wa kwetu aliyekuwa akihutubia sokoni, ameshika kipaza sauti, anaahidi barabara. Mkunga akapita na kikapu chake, akasimama kidogo, akatuambia sisi wa mezani, bila hata kushusha sauti: "Huyu alitanguliza matako. Nilimgeuza, lakini hajageuka." Kipaza sauti kikachukua maneno yote. Mheshimiwa akasahau barabara ilikuwa ikienda wapi.

Mtu wa namna hiyo, ungedhani, haogopi chochote. Kumbe alikuwa akiogopa chungu.

Nieleze hapo, maana anayetoka mbali anaweza asielewe. Ukoo wa marehemu mume wake ni watu wa kongo, ile pombe ya wimbi. Chungu kimoja kinawekwa katikati, watu wanakizunguka na mirija yao mirefu, na kila kinachomo kikipungua mtu anakuja na birika la maji moto anaongeza. Unga wa wimbi uliochacha unakaa chini, maji yanapita juu yake yanachukua nguvu, na kongo iliyopikwa vizuri inaweza kupokea birika baada ya birika bila kuchoka. Hapo ndipo mpishi anapojulikana. Sasa kila mwaka familia hukutana nyumbani kwa marehemu kumwombea, na desturi yao ni kwamba chungu cha siku hiyo kitoke mikononi mwa mama wa nyumba ile. Anayeweka chungu ndiye mwenyeji. Ndiye anayesema nani akae wapi, kuku gani achinjwe, watoto wapakuliwe saa ngapi.

Mkunga alikuwa hajawahi kukiweka. Kilikuwa kikiwekwa na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa na sifa ya kongo iliyofika mpaka Merikit. Wifi alikuja alfajiri na chungu chake, akaingia jikoni, akaanza kutoa amri, na Mkunga, yule yule aliyemkatiza mheshimiwa sokoni, akabaki kukusanya vikombe kwa ile sauti yake ndogo. Mwaka mmoja nilialikwa, nikamsikia wifi akisema mbele ya watu, tena bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa: "Hii nyumba ni ya kaka yangu, na chungu kila mwaka ni yangu. Sasa mwenye nyumba ni nani?" Watu wakacheka. Mkunga naye akacheka, na kicheko hicho kiliniuma kuliko maneno yenyewe.

Jioni aliponisindikiza barabarani aliniambia, "Ile nyumba nimejenga na mshahara yangu. Kila tofali naijua. Lakini siku ile moja, mimi ndiye mgeni."

Msidhani hakujaribu. Kongo inataka mtu akae nayo: unga uchache, ukaangwe kwenye sufuria pana, uanikwe, uchanganywe na kimea. Katika miaka ya kazi kila alipoanza kukaanga, mtu alikuja mbio kumwita, fulani ameshikwa na uchungu, na Mkunga alipokuwa akirudi sufuria ilikuwa imezaa makaa. Alipostaafu alidhani sasa ana nafasi. Akapika ikawa chungu kama shubiri mpaka kuku wakaikataa. Akapika tena, ikatoka tamu kama uji, wajukuu wakanywa wote na hakuna aliyelewa. Kule ukweni habari hizo zilipokelewa kwa furaha kubwa.

Na hapa lazima niseme jambo la ajabu kumhusu. Huyu mwanamke maisha yake yote alihubiri dhidi ya pombe. Ukifika kliniki na tumbo, kabla hajakugusa alikunusa. Alikuwa na hotuba yake kuhusu ini ambayo wanaume walisema iliwaharibia Krismasi nyingi. Yeye mwenyewe hakuwa akinywa. Nilipomuuliza vipi mtu asiyekunywa anahangaika kupika pombe, alinitazama kama niliyeuliza kwa nini mwanamume anakuwa daktari wa wanawake.

Epo ziliingia kwa bahati mbaya. Najua vitabuni ni tufaha, lakini sokoni kwetu ukisema tufaha utaambiwa ujaribu duka la dawa. Zinakuja kwa lori, zimepangwa kwenye makatoni na kufungwa kwenye karatasi laini kana kwamba ni vyombo. Wiki moja lori lilikwama mpakani, jua likawaka, na zilipofika kwangu nusu zilikuwa zimelainika. Nikampa Mkunga makatoni kadhaa akawape nguruwe wake. Akazitia kwenye pipa zikapondeka, akasafiri kwenda mazishi, aliporudi akakuta pipa linatoa povu na nyuki wamefanya mkutano juu yake. Akaona hasara, akamwagia nguruwe.

Nilipigiwa simu mchana. "Njoo uone," alisema. "Nguruwe yangu imeokoka."

Nilikwenda. Nguruwe alikuwa amelala chali, miguu juu, akitabasamu. Wallahi nguruwe anaweza kutabasamu. Mkunga alikuwa amechuchumaa kando yake akimpima mapigo ya moyo, akatikisa kichwa, akasema mgonjwa hana shida yoyote isipokuwa furaha. Kisha akachovya kidole kwenye pipa, yeye aliyekuwa haonji, akakiweka ulimini. Nilimwona akifumba macho vile vile kama anavyopima nanasi. Alipofumbua aliniambia kwa sauti ya wodini: "Wewe mtoto. Epo yote inaharibika pale Busia, unaleta hapa."

Ndivyo alivyoanza, na hakuna mwanafunzi mgumu kuliko mtu aliyekuwa mkubwa katika kazi nyingine. Kila kitu alikifanya kwa njia ya wodini. Alizitwanga epo kwenye kinu, zikaruka, moja ikanipiga jichoni. Akazikamua kwa shuka safi za hospitali alizopewa siku ya kuagwa. Akatia sukari na hamira ya mandazi, akafunga jerikeni kwa nguvu zake zote, akaivisha sweta, akaizungushia blanketi la mtoto. "Inataka joto," alisema. Joto ilipata. Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa wakiwa sebuleni katikati ya sala, jerikeni ikavimba, ikalia, ikapasuka. Mmoja alikimbia mpaka barabarani akipaza sauti kwamba ule mwamba wa Osukuru umelipuka. Mazulia yalinuka mkate mtamu mwezi mzima.

Mkunga hakuaibika. Alikaa chini akafikiri kama anavyofikiri mtu aliyepata mgonjwa mgumu. "Ilikosa kupumua," alisema. Akatoa kwenye sanduku lake mpira wa dripu, akatoboa kifuniko cha jerikeni nyingine, akaupitisha, mwisho wake akauzamisha kwenye chupa ya maji. Hewa ikawa inatoka puku, puku, puku, bila ya nje kuingia. Nimeona watu wengi wakifurahi, nimeona maharusi, lakini sijaona furaha kama ya yule mama akitazama mapovu yale.

Halafu akachukua ile pembe ndogo ya mbao waliyokuwa wakitumia kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, akaiweka ubavuni mwa jerikeni, akainamisha sikio. Alifanya hivyo kila asubuhi. Ukimkuta kwenye hali hiyo ulinyamaza, maana alinyoosha mkono kukuzuia. Mimi nilikuwa nikisimama mlangoni na karai la epo kichwani, shingo inauma, nasubiri jerikeni imalize kupimwa.

Kasoro yake ilikuwa moja, na ilinifurahisha sana. Wodini hakuna aliyekuwa na subira kama yeye. Mama akilia kwamba amechoka, alimwambia, "Mtoto ako na saa yake, wewe huna," na akaketi akafuma. Lakini mbele ya jerikeni alikuwa mtoto mwenyewe. Alifungua aonje asubuhi. Alifungua aonje mchana ili aone tofauti na asubuhi. Jerikeni ya pili haikupata kukomaa kabisa, kwa sababu alipoona imekaribia ilikuwa imebaki kikombe. Nilimwambia, "Musawo, epo iko na saa yake, wewe huna." Alinifukuza kwa mwiko, lakini tangu siku hiyo pembe tu ndiyo iliyoruhusiwa kuikaribia.

Ile iliyofuata ilitoka. Aliiacha ikatulia, takataka zikashuka chini, akahamisha kilicho juu polepole kwa ule ule mpira wa dripu. Ilikuwa na rangi ya asali nyepesi, inachoma kidogo ulimini, chachu kidogo, na harufu yake ilikuwa nzuri mno. Nilikunywa kikombe nikajikuta nasamehe wadeni. Mkunga hakucheka. Alisema kwa ile sauti ndogo, na nikajua anawazia wapi: "Mwaka huu nitaweka chungu mimi. Wakikataa hii, basi sitaweka tena mpaka wanizike."

Siku ya maombi mvua ilinyesha tangu asubuhi, baridi ya kweli. Wifi alikuja na chungu chake kama kawaida, akakuta katikati ya kibanda kuna chungu kingine, kimejaa, kimefunikwa jani la mgomba. Akalifunua, akanusa. Aliweka chake pembeni, na namna alivyokiweka, taratibu, ilitutia hofu kuliko kama angekivunja. Mzee wa ukoo, ambaye ni baba mdogo wa marehemu, akasema chungu cha mwenye nyumba kianze. Wazee wakaketi, mirija ikaingia.

Na sasa sikilizeni kosa letu, kosa ambalo lingetokea kwetu tu. Hakuna mtu, si mimi wala Mkunga mwenyewe aliyehangaika miezi yote ile, aliyekumbuka maji. Wazee walipovuta mara ya kwanza wakainua nyusi kwa furaha, na wifi, ambaye mikono yake haijui kukaa bure pakiwa na chungu, akaja na birika akalimimina lote ndani. Moto kabisa. Ndivyo inavyofanywa tangu wazazi wa wazazi wao. Lakini kwenye epo hakuna unga chini. Hakuna kitu cha kurudisha nguvu. Niliona mvuke ukipanda na moyo wangu ukashuka.

Mzee wa ukoo akavuta, akasita, akavuta tena. "Harufu iko," alisema. "Lakini nguvu imekwenda wapi?"

"Ni pombe ya matunda," alijibu wifi. "Maji moja tu, imekufa. Ngoja niongeze, tuone kama iko na kitu chini."

Akageuka kwenda jikoni. Nilimtazama Mkunga. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya kibanda, mikono imekusanya vikombe kifuani. Wifi akarudi na birika la pili linafuka, akainama, akalielekeza chunguni.

"Weka chini!"

Ilikuwa sauti ya wodini. Nadhani Kirewa haikuwa imewahi kuisikia isipokuwa wanawake aliowazalisha. Wifi akaweka chini. Wanaume wawili walioshika mirija wakaiweka chini pia. Hata mimi niliweka chini kitu ambacho sikukumbuka kukishika.

"Hii hakuna wimbi ndani," alisema Mkunga, vikombe vikigongana kifuani. "Hii haitaki maji. Ukiongeza maji, unaua. Mimi ndiye nimepika, mimi ndiye najua." Akaviweka vikombe, akaingia ndani, akarudi anakokota jerikeni ya akiba. Akainua chungu akamwaga kilichokuwamo nje mvuani, mbele ya wazee wote, jambo ambalo sijaona likifanywa, kisha akakijaza upya. Akachukua mrija mmoja kutoka kwenye fungu, akaupangusa, akamnyooshea wifi. "Na wewe, kaa."

"Mimi?" wifi akauliza. "Nani atahudumia watu?"

"Si wewe. Kaa."

Wifi akaketi. Akavuta mara moja, akaacha, akavuta tena, safari hii kwa muda mrefu, macho ameyakaza chunguni. Mzee wa ukoo akacheka peke yake, akasema kinywaji kisicho na makapi ni rafiki wa meno yake, akaomba asisahaulike mwakani. Wengine wakaanza kuongea wote pamoja. Wifi alipomaliza akainuka, akajitwika chungu chake cha kongo ambacho hakikuguswa, akaondoka kwenye mvua bila kuaga.

Miezi ikapita hajaonekana pale. Mkunga hakuwa na raha. Kila nilipopeleka epo aliniuliza njia nzima nimepita wapi, nimekutana na nani, mpaka nikajua anachotaka kusikia na sikuwa nacho. "Labda nimepata nyumba nikapoteza ndugu," alisema siku moja, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake ukisema kitu.

Mara ya mwisho nilimkuta jikoni, mlango umerudishwa kwa sababu ya upepo, mikono yake imezama kwenye karai la epo zilizokatwa. Nikakaa kumsaidia. Tulikuwa tukibishana kama ngozi ibaki au itoke, ndipo tukasikia nyayo uani, nzito, za mtu mrefu. Zikafika mlangoni zikasimama. Nikuambie kwamba katika miaka yote yule wifi hakuwahi kusimama kwenye mlango huo. Ilikuwa nyumba ya kaka yake. Kila mara aliusukuma tu, akaingia, ukamkuta keshashika sufuria.

"Hodi," ikasema sauti ya nje.

Nilinyanyuka nikafungue. Mkunga akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyolowa, akanirudisha kitini. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na mdomo unacheka.

"Ngoja," alininong'oneza. "Acha aseme tena."

Tukangoja. Nje mtu akakohoa, tukamsikia akihamisha mzigo kutoka mkono huu kwenda ule.

"Hodi, wifi. Uko ndani?"

Mkunga akajifuta mikono kwenye leso, akainuka, akaenda kumfungulia mwenyewe.